Mbao Mbili za Padri na Weupe wa Karisimbi

Rafiki zangu wa shule, Ferdinandi, Kamili, na ninyi wote mlio Walikale,

Kwanza mnisamehe mwandiko. Mkono wangu umezoea randa na msumeno, na kalamu nikiishika naikaza mpaka karatasi inatoboka. Shule mnajua niliishia mwaka wa tano. Neno lililoandikwa vibaya mlisome kama ambavyo mngelisikia kinywani mwangu, ingawa kinywani mwangu pia hamkuzoea kusikia maneno mengi. Barua hii nimeiandika kwa siku tisa, kila siku kidogo baada ya kazi, na Mama ananiuliza kama ninaandika Biblia nyingine.

Mmeuliza kwa nini padri mzee aliyehamishwa kutoka kwetu kuja kwenu ametundika juu ya mlango wake ubao mmoja mrefu, mwembamba, wenye pua iliyopinda kwenda juu, na kwa nini kila anayemuuliza anachekewa tu na kuambiwa, "Mwandikieni Anselmi." Basi mmeniandikia. Habari za vibali na karatasi za safari nitaziruka, maana hata wakati ule sikuzielewa. Nitawaeleza njia, hatua kwa hatua, jinsi tulivyoipita.

Kwenye atelie yangu, karakana ya mbao

Padri alizaliwa Ulaya katika nchi ya milima mirefu. Huko, alituambia, mvua ya wakati wa baridi haianguki kama maji. Inaanguka nyeupe na laini, inafunika mashamba na paa za nyumba, na watu hufunga mbao mbili miguuni na kuteleza juu yake kutoka mlimani mpaka mlangoni kwao. Yeye alianza akiwa na miaka minne. Kwetu alikuwa amekaa miaka mingi bila kuteleza hata siku moja, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kukataa kupigwa kanisani. Halafu ikaja barua kwamba baada ya Noeli atahamia kwenu, chini msituni, kwenye joto.

"Goti hili limebaki na mlima mmoja tu," alisema. "Ni mwaka huu, ao basi."

Mbao nilizitengeneza mimi. Za kuagiza Ulaya zingemaliza akiba yake yote kabla ya kutoka mlangoni. Nilichukua mti ule ambao wazee wanautengenezea upinde, nikachemsha ncha ndani ya pipa la maji nusu ya siku, nikazipinda kwa kamba kama tunavyopinda mgongo wa kiti. Mikanda ya miguu ilikuwa ya ngozi ya ng'ombe. Chini yake Padri alisema tupake nta, na nta ililetwa na Papa Kabunga. Mnamjua, ni mtu wa kwenu, yule mrina asali anayekuja kila mwaka kutuuzia nta ya mishumaa. Alipoziona mbao aliuliza ni za mtumbwi gani. Alipoelezwa, alikaa chini kabisa.

"Muntu muzima anajifunga mbao ili aanguke muzuri," alisema. "Padri, mimi nafuatana na nyinyi. Hiyo siwezi kuikosa."

Shida ilikuwa kuchagua mlima. Siku moja Padri alichora milima miwili kwa chaki juu ya meza yangu. Mmoja ulikuwa Ruwenzori. Kule weupe hauondoki mwaka mzima, lakini njia ni ndefu, wapagazi ni wengi, na akiba ingeweza kuisha kabla hatujafika penye barafu. Mwingine ulikuwa Karisimbi. Huo ni wa karibu na hauhitaji watu wengi, lakini weupe wake unakuja na kuondoka, na hakuna anayejua siku. Akiba ilitosha safari moja. Tukikosea mlima, hakuna wa pili.

Mwalimu wa shule yetu, aliyekuwepo pamoja na katekista, alisema Ruwenzori. Katekista naye akasema Ruwenzori, afadhali kuishia njiani kuliko kufika mahali hakuna kitu. Papa Kabunga alisema yeye hana mlima, kwao ni miti tu.

Mimi nilikuwa nasugua ubao. Lakini nyanya yangu alizaliwa upande ule wa milima ya moto, na tangu utoto wangu aliniambia kwamba mvua za kwanza zikianza baada ya kiangazi, Karisimbi hujifunga kitambaa cheupe asubuhi. Na mimi mwenyewe nilikiona mara tatu, nilipokuwa juu kwenye vilima kukata miti, kabla mawingu hayajaamka. Nikasema, nikiangalia randa yangu, "Karisimbi. Mwanzoni mwa mvua, mwezi wa tisa."

Wote waligeuka. Nadhani mwalimu alikuwa hajawahi kusikia sauti yangu tangu nilipoacha shule.

"Una hakika, mwanangu?" Padri akauliza.

Niliitika kwa kichwa. Akaifuta Ruwenzori kwa mkono wa kanzu yake. Mimi nikarudi kusugua ubao, mahali palipokuwa laini tayari.

Nyabiondo mpaka Masisi

Tuliondoka kwetu Nyabiondo watu watatu: Padri, Papa Kabunga na mimi. Mbao zilikuwa ndefu kunipita, na mvua ya kwanza ilikuwa imeshaanza kunyesha, kwa hiyo nilizifunga ndani ya mkeka mpya wa Mama. Nilikaza kamba mahali patatu, juu, katikati na chini, nikapitisha mti mrefu wa kubebea. Mimi nilishika mbele, Papa Kabunga nyuma. Padri alitufuata amevaa kanzu, anasali rozari kwa ajili ya goti lake.

Ninyi mnaojua jinsi watu wa vilima vyetu wanavyomrudisha nyumbani, ndani ya mkeka, mtu aliyefia mbali, mmeshaanza kucheka. Mimi sikufikiri kitu.

Mtu wa kwanza tuliyekutana naye alikuwa na mzigo wa mihogo. Alitoka njiani akaingia kwenye majani, akatua mzigo, akavua kofia. Nilimsalimu, hakuitika. Wa pili alifanya vile vile. Halafu wanawake waliokuwa wanapalilia maharagi waliacha majembe wakasimama wima, mikono kifuani.

"Fundi," Papa Kabunga alisema nyuma yangu, "watu ya kwenu iko na heshima sana. Kwetu hata chefu wa kijiji hapati hii."

Nikajiona mkubwa kidogo, nawaambia ukweli.

Kwenye kijiji kilichofuata alitoka mama mmoja mzee mwenye kitambaa chekundu kichwani. Alitusimamisha. Aliweka mkono wake juu ya mkeka, taratibu, akaupitisha mpaka mwisho.

"Alikuwa murefu," akasema.

"Sana!" Papa Kabunga akajibu kwa furaha. "Na humu ndani iko mbili."

"Wawili!" Mama yule akashika kichwa. "Yesu wangu, wawili siku moja!"

Kilio kikaanza hapo hapo. Wanawake walitoka kila nyumba. Mmoja aliniuliza kama ni ndugu zangu, nami nilifungua kinywa na hakikutoka kitu, kwa hiyo akanihurumia zaidi na kunifuta uso kwa kitambaa chake. Padri alifika akiwa nyuma kidogo. Kihunde, lugha ya vilima vyetu, hakijui vizuri, na akili yake ilikuwa kwenye rozari. Alidhani wanatuimbia wimbo wa kutuaga. Akainua mkono akawabariki wote kwa ishara ya msalaba. Baada ya hapo ni nani angeamini kwamba hakuna maiti?

Walitusindikiza mpaka kijito. Walitupa maharagi yaliyopikwa, ndizi na mihogo ya kuchoma, chakula cha wafiwa, wakatulazimisha tukichukue. Tulikila Masisi jioni. Kilikuwa kitamu, na mimi nilikuwa na aibu katika kila tonge. Hapo ndipo nilipopata nguvu ya kumweleza Padri. Alicheka mpaka akalishika goti lake kwa mikono miwili. Papa Kabunga yeye alicheka mpaka akalala chini. Lakini Padri alipomaliza kucheka alifuta macho akasema, "Wale mama walilia machozi ya kweli na kutoa chakula cha kweli. Wakati wa kurudi lazima waelezwe. Na utawaeleza wewe."

Niliona ni rahisi kupanda Karisimbi kwa mikono.

Masisi mpaka Sake

Njia hii ilikuwa ya siku mbili za vilima, juu na chini. Mvua ilinyesha kila mchana, nasi tukajikinga kwa majani ya mgomba. Papa Kabunga alikuwa hajawahi kutembea mahali pasipo miti. Aliinamisha kichwa kama mtu anayepita mbele ya wazee.

"Hapa Mungu anakuona siku muzima," alisema. "Muntu atajikuna wapi?"

Mkeka niliupindua upande mwingine na kuweka majani juu, nikidhani utafanana na mzigo wa kawaida. Ulifanana na maiti ya mtu aliyependwa zaidi. Watu walizidi kuvua kofia.

Sake, Shasha, na tena Sake

Pale Sake tulipata kamio, lori la mizigo liendalo Goma, lakini shofere alipoona mkeka alifunga mlango.

"Maiti haipande kamio yangu."

"Si maiti," alisema Papa Kabunga.

"Wote njo wanasema vile. Juzi moja alisema ni mandizi."

"Tufungue uone."

"Usifungue! Ukifungua, harufu itabaki kwangu mwezi muzima!"

Padri alijaribu kumweleza kwa Kifaransa, na shofere akazidi kusikitika, akampa pole. Tungelala pale kama asingekuja Mama Veronika. Huyu ni mfanyabiashara wa samaki wa Shasha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Hakuuliza mtu. Alikata kamba ya katikati kwa kisu chake cha samaki akaufunua mkeka.

"Mbao!" akapiga kelele. "Mwanaume na masharubu yote haya, unaogopa mbao! Hata kitanda chako ni mbao, utakuwa unalala chini kwa woga!"

Watu wote wa Sake walicheka, shofere akafungua mlango. Lakini kamio ile ilikuwa imekodiwa na Mama Veronika, na kabla ya kwenda Goma ilikuwa lazima irudi kwanza Shasha kupakia samaki wake. Kwa hiyo tulienda nyuma ili twende mbele. Tulipita Kirotshe, ziwa likiwa upande wetu wa kushoto, na tukafika Shasha tukakuta wavuvi hawajarudi. Tuliwangoja siku nzima na nusu ya siku ya pili. Padri alihesabu siku kwa vidole, na mimi nikahesabu pamoja naye.

Chakula cha kungojea kilikuwa kizuri. Mama Veronika alitupikia samaki wabichi na bukari ya unga wa mihogo, na sombe ya majani ya mihogo iliyotiwa mawese mengi. Alitaka kujua habari yote, na Papa Kabunga akamweleza yote, kwa mikono, kwa miguu, mpaka akateleza kweli kwenye matope ya ufukoni kumwonyesha.

"Na nani alisema weupe iko kule Karisimbi?" Mama Veronika akauliza.

"Fundi huyu. Yeye njo alichagua."

Akanigeukia. "Wewe kijana? Na hauna kinywa! Sasa kama hakuna?"

Niliangalia samaki wangu.

"Padri, kama hakuna?" akarudia.

"Kama hakuna," Padri akajibu polepole, "nitakuwa nimeona mlima mzuri pamoja na rafiki wawili." Alilisema vizuri, na mimi ndipo nilipojua kabisa ni kiasi gani anautamani weupe ule. Mtu asiyetamani hajibu polepole vile.

Tulipoagana, Mama Veronika alinipa samaki sita waliokaushwa na chupa tupu yenye kizibo. "Kama hakuna, mutakula samaki. Kama iko, uniletee ndani ya chupa. Mimi naamini kitu nikikishika."

Kibumba, chini ya mlima

Kutoka Goma kamio nyingine ilituacha Kibumba. Pale tulimpata kiongozi wa njia, mzee mwembamba anayeitwa Sebagabo, na vijana wawili wa kubeba hema na kuni. Kabla hata hatujakaa Padri alimuuliza kuhusu weupe.

"Ilikuya," Sebagabo akasema. "Siku ine zimepita. Asubuhi mulima wote kichwa nyeupe. Halafu jua ikapanda, ikaenda."

"Itarudi?"

"Haitumwi, Padri. Inakuya yenyewe."

Siku nne. Nikahesabu: siku moja na nusu ya Shasha, siku mbili za mvua njiani, na asubuhi niliyopoteza Nyabiondo kwa sababu nilitaka kupaka nta mara ya pili. Sikula jioni ile. Nilimpa Papa Kabunga samaki wangu. Alimpokea, akamtazama, akanirudishia nusu. "Kula, Fundi. Wewe ulichagua mulima. Kunyesha si kazi yako."

Juu

Kupanda kulichukua siku mbili. Kwanza ni mianzi, mnene mpaka mbao zilikuwa zinakwama na tulizigeuza kila hatua kama mtu anayeingiza kitanda kwenye nyumba ndogo. Halafu ni miti mikubwa yenye ndevu za ukungu, na Papa Kabunga alifurahi, akasema hawa sasa ni wazee wenye adabu. Halafu miti nayo ikaisha, yakabaki majani ya ajabu yanayosimama kama watu wamevaa makoti. Sebagabo alituomba tusipige kelele. Wazee wake waliamini kwamba watu wema waliokufa wanapumzika juu kule penye weupe, na yeye ni mkristo lakini haoni sababu ya kuwaamsha.

Baridi ile siwezi kuieleza. Papa Kabunga alipumua, akaona moshi unatoka mdomoni mwake, akaziba mdomo kwa mkono. Akafungua tena taratibu. "Navuta tumbaku bila tumbaku," alisema, na kuanzia hapo alikuwa anapuliza kila mara na kutuonyesha.

Tulipiga hema kwenye uwanda ulio chini ya kilele. Chakula kilikuwa cha siku tatu. Asubuhi ya kwanza tuliamka mapema, tukapanda na mbao mpaka karibu na juu. Jiwe jeusi, kuvu, maji yanayotiririka. Hakukuwa na weupe hata wa kujaza kiganja. Padri alisimama, akavua kofia, akatazama pande zote, ziwa, na milima ya moto inayotoa moshi. "Ni pazuri," akasema. Tukashuka.

Asubuhi ya pili kulikuwa na ukungu tu. Hatukuona hata miguu yetu. Asubuhi ile ile maharagi ya mwisho yaliwekwa motoni, na kwenye urefu ule maharagi hayaivi. Tuliyachemsha tangu asubuhi mpaka alasiri na bado yaligonga meno. Tulikula samaki wa Mama Veronika. Nikakumbuka alivyosema ni wa nini, nikamwacha wangu nusu.

Padri alimwambia Sebagabo kwamba kesho tutashuka. Goti lilikuwa limevimba. Nilitaka kumwambia anisamehe. Nililipanga neno kichwani, nikalipiga randa mpaka likawa laini, halafu nikatoka nje kuangalia mbao bila kulisema. Mawe ya mvua yalikuwa yameanza kuanguka, madogo kama mtama. Nilizifunika mbao kwa mkeka, nikaingia hemani.

Asubuhi ya tatu

"Fundi! Fundi! Kuya uone! Muntu amemwanga bunga ku mulima yote!"

Ndivyo Papa Kabunga alivyotuamsha. Nilitoka bila viatu na nikarudi mara moja kuvitafuta. Uwanda wote ulikuwa mweupe. Hema lilikuwa jeupe. Yale majani yenye makoti yalikuwa yamevaa kofia nyeupe, na kule juu kilele kilisimama kama kitambaa cha altare siku ya Pasaka. Mkeka juu ya mbao ulikuwa umefunikwa mpaka hauonekani. Sebagabo alikuwa amevua kofia, anatabasamu.

Padri alitoka wa mwisho. Aliinama, akachota weupe, akaunusa. Akautia mdomoni. Halafu akaniangalia mimi, akachota tena, akaniwekea kiganjani.

"Haraka," Sebagabo akasema. "Jua ikipanda, inaenda."

Tulipanda kama watoto wanaochelewa shule. Padri alisahau goti. Kwenye mteremko mpana usio na mawe makubwa alikaa chini, nikamfungia mbao miguuni kwa mikanda niliyoikata mwenyewe. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, nikafunga fundo kwa meno. Alisimama na fimbo mbili za mianzi. Alionekana mzee sana wakati ule, mtu wa ndevu nyeupe amesimama juu ya vitu visivyo na maana. Papa Kabunga alinishika bega kwa nguvu.

Akainama mbele kidogo, akaenda.

Rafiki zangu, hakuanguka. Alienda bila kutembea. Kanzu yake, aliyokuwa ameifunga kiunoni, ilifunguka ikapepea nyuma. Aligeuka kushoto, weupe ukaruka kama maji, akageuka kulia, na hakukuwa na sauti isipokuwa ubao wangu ukinong'ona juu ya barafu. Sikujua kwamba kitu nilichokitengeneza kinaweza kusema hivyo. Chini kabisa alisimama kwa kujipinda, akainua fimbo zote mbili, akapiga kelele ambayo kama wafu walikuwa wamelala waliamka wote. Sebagabo hakumkataza. Naye alikuwa anapiga kelele.

Alipanda tena. Mara ya pili aliimba. Mara ya tatu pua ya ubao wa kulia iligonga jiwe, akaruka akaanguka kifudifudi, na tukakimbia tukidhani amekufa. Tulimgeuza. Ndevu zimejaa weupe, machozi yanatoka, anacheka. "Goti limekataa sasa," alisema. "Limefanya kazi yake. Sasa ni zamu yenu!"

Nilijaribu kusimama juu ya mbao kama yeye na nilianguka kabla ya kuanza, mara nne. Kisha nikafanya nilivyofanya utotoni, nilipokuwa nateleza na kipande cha mgomba kwenye kilima cha nyuma ya shule. Mnakumbuka, hakuna aliyenishinda. Niliweka mbao pamoja, nikakaa juu yake, miguu mbele, nikashika mikanda. Papa Kabunga hakutaka kubaki. Alitandaza mkeka wa Mama, akakaa katikati, akamvuta Sebagabo nyuma yake, na wazee wale wawili walinipita wakipiga mayowe, mmoja kwa Kinyanga na mwingine kwa Kinyarwanda, mpaka wakaingia kwenye kichaka cha makoti na zikabaki nje kofia tu.

Weupe ulikaa kwa muda wa misa mbili. Halafu jua lilipanda, jiwe jeusi likatokea, na maji yakaanza kutiririka. Nilijaza chupa ya Mama Veronika nikaikaza kizibo.

Kurudi

Sake tulimkuta Mama Veronika kando ya kamio. Nilimpa chupa. Ndani yalikuwa maji tu. Niliona aibu, lakini yeye aliinua chupa juani, akaigeuza, akanywa yote bila kupumua. "Ni maji ya kweli," akawaambia wanawake wenzake, "lakini iko na kitu." Alituma mwanamke mmoja alete samaki wengine, tukala tena.

Mbao sikuzifunga. Mkeka ulikuwa umechanika kabisa, na tena nilitaka zionekane. Nilizibeba begani, pua zikiangalia mbele, na moja ilikuwa na ufa wa jiwe. Kadiri tulivyokaribia kile kijiji cha kilio, nilizidi kupunguza mwendo. Padri alibaki nyuma kwa kusudi. Papa Kabunga naye akabaki pamoja naye.

Mama wa kitambaa chekundu alikuwa amekaa mbele ya nyumba akichambua maharagi. Alitutambua. Akasimama.

"Munarudi," alisema. "Muliwazika wapi?"

Wanawake wengine walikuja. Wote waliniangalia mimi, maana mimi ndiye waliyemfuta uso. Niliziweka mbao mbili chini mbele yao. Nikasema, "Mama, wafu wenyewe njo hawa."

Hawakuelewa. Kwa hiyo nilisema tena, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza niliendelea. Niliwaeleza meza ya atelie, chaki, na mlima niliouchagua. Niliwaeleza mkeka, na Papa Kabunga aliyesema wako wawili, na maharagi yao tuliyokula. Niliwaeleza baridi, moshi wa mdomoni, na asubuhi ya tatu. Nilionyesha kwa mikono jinsi Padri alivyogeuka kushoto na kulia. Sijui nilisema muda gani. Nilipomaliza niliona watu wamejaa mpaka njiani, na Padri amesimama nyuma yao anasikiliza.

Mama yule aliinama, akashika ubao mmoja, akaupitisha mkono kama siku ile, mpaka kwenye pua iliyopinda. Nilingoja anitukane.

"Mimi nililia siku mbili," akasema. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. "Wamefufuka! Mama zangu, kuyeni, wafu wamefufuka, na wamekuwa mbao!"

Kicheko kile nadhani kilisikika Masisi. Walituletea chakula tena, na safari hii nilikila bila aibu. Lakini walitaka nisimulie mara ya pili kwa wale waliochelewa, na nilisimulia.

Kabla hajaja kwenu, Padri aliingia kwenye atelie na mbao zote mbili. Aliniachia ule wenye ufa, akachukua mzima. "Mmoja peke yake haufai kitu," alisema. "Kila mmoja wetu atajua kwamba ubao mwingine upo." Wangu uko juu ya mlango wangu ninapoandika haya.

Basi na mimi nina ombi. Hewa ya msituni ni ya majimaji, na mti ule unaweza kusahau umbo lake. Mmoja wenu apande kwenye kiti, apitishe mkono juu ya pua ya ubao wa Padri, aniambie kama bado imeinuka. Mniambie na goti lake, na kama Papa Kabunga bado anawaonyesha watu jinsi ya kuanguka. Mwandike hata mistari miwili, kwa mwandiko wowote. Kama pua imeanza kushuka, nitakuja mwenyewe na pipa langu kuipinda upya, na jioni nitawasimulia yote haya kwa kinywa.

Anselmi, fundi mbao, Nyabiondo